Altrasaundi ya miezi ya mwisho ya ujauzito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mama aliyeingia wiki ya 28 na kuendelea, na wa mume, dada au mama mkwe anayemsindikiza kliniki. Maswali ni yale yale yanayoulizwa kwenye benchi wakati wa kusubiri zamu. Majibu hayachukui nafasi ya mkunga au daktari aliyekushika tumbo na anayeijua kadi yako.

Nimefikisha miezi minane, sina tatizo lolote. Ni lazima nipige altrasaundi nyingine?

Kama ulishapiga moja kabla ya wiki ya 24, umebeba mtoto mmoja, presha yako iko sawa, kimo cha mimba (urefu wa tumbo ambao mkunga huupima kwa utepe) kinapanda kila hudhurio, mtoto anacheza na hujatokwa na damu, basi si lazima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unapendekeza altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Hiyo ndiyo inayoeleza vizuri umri wa mimba, idadi ya watoto na baadhi ya kasoro za maumbile. Kwa aliyekwisha kupata hiyo ya mwanzo, mwongozo haupendekezi kurudia baadaye kwa mazoea tu.

Ushauri huo haukutoka hewani. Mwaka 2015 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kuchambua tafiti za tiba, walipitia majaribio 13 yenye wanawake 34,980, wakilinganisha waliopimwa kwa utaratibu baada ya wiki ya 24 na wale ambao hawakupimwa hivyo. Vifo vya watoto havikupungua. Upasuaji nao haukutofautiana kwa kiasi cha kuzungumzia.

Lakini "si lazima" maana yake si "usipige". Maana yake ni kwamba kipimo kiwe na swali kinalokwenda kulijibu. Ukiandikiwa, muulize daktari au mkunga bila woga: "Tunatafuta nini?" Akikujibu kwamba kimo cha mimba kimesimama tangu mwezi uliopita, hiyo ni sababu. Akisema ni utaratibu wa kawaida wa hapo, uamuzi wa kutoa pesa hiyo ni wako.

Mimi sijapiga hata moja. Nilianza kliniki mimba ikiwa tayari kubwa.

Wewe piga. Hali yako ni tofauti na ya mama wa swali la kwanza, na ndiyo hali ya akina mama wengi wa kwetu, wanaoanza kliniki mwezi wa tano au wa sita. Hata Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ambaye hakupata kipimo cha mapema anaweza kufikiriwa kupewa cha baadaye, ili ijulikane kama ana mtoto mmoja au mapacha, mtoto amelala vipi, na kondo la nyuma limejishika wapi. Mambo hayo matatu yanaamua ujifungulie zahanati ya karibu au ukae karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Usichokitegemee ni tarehe. Ngoja nieleze, maana hapa ndipo penye vurugu kubwa kuliko pote.

Altrasaundi ya kwanza ilisema nitajifungua tarehe 10, ya pili tarehe 24, ya tatu tarehe 2. Niamini ipi?

Ya kwanza. Kama ilifanyika mapema, tarehe yake haibadilishwi na zinazofuata.

Mashine haijui umri wa mtoto. Inapima upana na mzunguko wa kichwa, mzunguko wa tumbo na urefu wa mfupa wa paja, kisha inaangalia vipimo hivyo kwa kawaida ni vya mtoto wa wiki ngapi. Katika miezi mitatu ya kwanza watoto karibu wote hukua kwa mwendo mmoja, awe wa mama mrefu au mfupi, na makosa ya kukadiria umri hayazidi sana siku 5 hadi 7. Baadaye kila mtoto hufuata njia yake. Kuna mwenye asili ya umbo dogo, kuna anayelishwa vizuri na kondo, kuna ambaye sukari ya mama imemnenepesha. Kuanzia wiki ya 28 makadirio ya umri yanaweza kukosea kwa wiki tatu, mbele au nyuma.

Kwa hiyo kila ukipimwa, mashine inakokotoa upya na kuchapa tarehe mpya. Hakuna aliyekudanganya. Tarehe hiyo inapaswa kusomwa hivi: "mtoto huyu leo ana ukubwa wa mtoto wa wiki fulani." Basi.

Hatari inaanza pale mtu anapoifuata. Chukua mama wa wiki 36 kwa hesabu ya mapema, aliyeambiwa na altrasaundi ya mwisho kwamba ana wiki 32. Akibadilishiwa tarehe, kila mtu anatulia kwamba mimba bado changa, kumbe mtoto amedumaa tumboni na alitakiwa kufuatiliwa kwa karibu. Au kinyume chake: mtoto mkubwa wa wiki 35 anahesabiwa kuwa amekwisha kukomaa, mama anaanzishiwa uchungu, anazaliwa njiti ambaye hakuwa na sababu ya kuzaliwa siku hiyo.

Ambaye hana kipimo cha mapema kabisa ashikilie tarehe ya hedhi yake ya mwisho kama anaikumbuka vizuri, na aieleze kila anapokwenda. Mama anayekumbuka kwamba alipata hedhi siku mbili kabla ya Idi ana ushahidi mzuri kuliko mashine ya mwezi wa nane.

Ni nani basi anayehitaji altrasaundi ya mwishoni bila mjadala?

Aliyetokwa na damu ukeni, hata kama ni kidogo na haina maumivu. Mwenye mapacha: wanaotumia kondo moja huangaliwa kila baada ya wiki mbili kuanzia wiki ya 16, na kila mmoja akiwa na kondo lake, takriban kila wiki nne. Mwenye presha ya juu au dalili za kifafa cha mimba. Mwenye kisukari, ambaye kwa kawaida ukuaji wa mtoto wake huangaliwa wiki ya 28, 32 na 36. Aliyewahi kujifungua mtoto mfu au mtoto mdogo mno. Ambaye kimo cha mimba hakilingani na wiki zake. Kuanzia wiki ya 24 sentimita za utepe hukaribiana na idadi ya wiki, na pengo likizidi sentimita mbili au tatu, lazima litafutiwe maelezo. Ambaye kondo lake lilionekana liko chini. Ambaye mkunga anahisi mtoto hajageuka ilhali wiki ya 36 imefika. Na aliyepita wiki ya 41 bila uchungu.

Kwa hawa wenye hatari kubwa kuna kipimo cha ziada kiitwacho Dopla, kinachoangalia damu inavyopita kwenye kitovu cha mtoto kwenda na kutoka kwenye kondo. Mapitio ya majaribio 19, yenye wanawake zaidi ya 10,000, yalionyesha kwamba kwa mimba za hatari kipimo hicho kinaambatana na upungufu wa vifo vya watoto wa karibu asilimia 29. Kwa mimba zisizo na tatizo, faida hiyo haikuonekana. Mashine ni ile ile. Tofauti ni mama anayepimwa.

Wiki ya 20 niliambiwa kondo liko chini. Nimeogopa sana.

Hofu yako inaeleweka, ila katika wiki ya 20 kondo kuwa chini ni jambo la kawaida, na karibu kondo tisa kati ya kila kumi za namna hiyo huonekana zimepanda kadiri mji wa mimba unavyotanuka upande wa chini. Ndiyo maana kipimo hurudiwa wiki ya 32, na kama bado lipo karibu na mlango wa kizazi, kinarudiwa tena wiki ya 36.

Likibaki limeziba njia, hutajifungua kwa kawaida. Utapangiwa upasuaji, na ni vizuri damu ya kukuongezea iwe imeandaliwa mapema. Kama una kovu la upasuaji wa zamani na kondo limekaa mbele chini juu ya kovu hilo, sema kwa sauti kila unapopimwa: "Nina kovu." Kondo linaweza kuzama ndani ya nyama ya mji wa mimba lisibanduke, na hali hiyo ni ya hospitali kubwa yenye madaktari bingwa, si ya kugundulika juu ya meza ya upasuaji usiku.

Ukitokwa na damu kabla kondo halijajulikana lilipo, usikubali kupimwa njia kwa vidole. Mwambie anayekuhudumia kwamba hujawahi kuonyeshwa kondo liko wapi.

Wameniambia mtoto ametanguliza makalio.

Swali langu kwako: una wiki ngapi? Katika wiki ya 28 karibu mtoto mmoja kati ya kila wanne au watano amekaa hivyo. Mimba ikikomaa wanabaki watatu au wanne katika kila mia. Karatasi ya wiki ya 30 inayosema makalio yametangulia si habari ya kukukosesha usingizi.

Kuanzia wiki ya 36 ni habari. Na hapa lazima niwatendee haki wanaotetea altrasaundi ya mwisho kwa wote, maana hoja yao ina nguvu. Utafiti uliofanyika Cambridge, Uingereza, na kuchapishwa 2019 uliwapima wanawake 3,879 wa mimba ya kwanza katika wiki ya 36. Watoto 179 walikuwa wametanguliza makalio, na zaidi ya nusu yao hakuna aliyekuwa ameshuku kabla. Mikono ya mkunga ni hazina, lakini inapitwa na vitu.

Kwa mama anayeishi dakika kumi kutoka hospitali ya rufaa, kugundua makalio uchungu ukiwa umeanza ni usumbufu. Kwa anayetegemea bodaboda na barabara inayokatika masika, kugundua wakati huo ni janga. Mkunga wako akikushika tumbo wiki ya 36 na asiwe na uhakika wa kitangulizi, mimi ningeona pesa ya altrasaundi hiyo imekwenda mahali pake.

Daktari mwenye ujuzi anaweza kujaribu kumgeuza mtoto kwa mikono kupitia tumboni, hospitalini, penye uwezo wa upasuaji wa haraka. Usiende kwa mtu wa kukukanda nyumbani. Kondo linaweza kubanduka.

Altrasaundi inasema mtoto ana kilo 4. Lazima nipasuliwe?

Kwa kipimo hicho peke yake, hapana. Uzito unaoandikwa ni makadirio, na kukosea kwa asilimia 10 hadi 15 ni kawaida. Mtoto aliyeandikwa kilo 4 anaweza kutoka na kilo 3.4 au 4.6. Neno "mtoto mkubwa" likishaandikwa kwenye faili linamfuata mama hadi leba, na uvumilivu wa wanaomhudumia hupungua. Ukiwa na kisukari hesabu ni nyingine. Uzito huo unachukuliwa kwa uzito wake.

Kitovu kimemzunguka shingoni. Atanyongwa?

Mtoto hapumui kwa koo akiwa tumboni. Karibu mmoja kati ya kila wanne au watano huzaliwa kitovu kikiwa shingoni, mkunga anakitelezesha kichwani, kazi inaendelea. Si sababu ya upasuaji.

Maji yamepungua, ninywe maji mengi?

Kunywa, hakudhuru, na kunaweza kuongeza maji ya uzazi kidogo. Lakini uliza kwanza kwa nini yamepungua. Huenda chupa imepasuka na yanavuja polepole, au mimba imepitiliza, au kondo limechoka. Kama fungu refu kuliko yote la maji halifiki sentimita 2, hilo ni la daktari leo, si la kwenda kusubiri nyumbani na jagi.

Kama inaona mambo yote haya, kwa nini isiwe kwa kila mama? Si ni kuwanyima maskini?

Swali zuri. Kuona tatizo na kulitatua ni kazi mbili.

Kuna utafiti uliofanyika vijijini katika nchi tano: Kongo ya Kidemokrasia, Kenya, Zambia, Pakistan na Guatemala. Wahudumu wa afya walifundishwa, mashine zikapelekwa, akina mama wakapimwa mara mbili, kati ya wiki ya 16 na 22 na tena kati ya 32 na 36. Matokeo yalichapishwa 2018. Vifo havikupungua. Mahudhurio ya kliniki hayakuongezeka, na waliojifungulia hospitali kwa sababu ya matatizo hawakuongezeka pia. Watu wengi walitarajia kwamba picha ya mtoto kwenye kioo ingewavuta akina mama. Haikuwavuta kiasi hicho.

Ukikaa ukalifikiria, halishangazi. Karatasi ikisema "kondo limeziba njia", inayomwokoa mama ni nauli, gari linalopatikana usiku, daktari wa upasuaji aliyepo, na chupa ya damu. Kituo chenye altrasaundi mpya lakini kisicho na damu kinaweza kumwambia mama ana tatizo gani, basi. Mimi ningeanza na damu. Wapo wataalamu wenzangu watakaobisha, na nawaelewa.

Hata nchi tajiri hazikupata muujiza. Uholanzi walifanya utafiti kwa wanawake 13,046 wenye mimba zisizo na hatari, ukachapishwa 2019. Kundi moja lilipimwa kwa utaratibu wiki ya 28 hadi 30 na wiki ya 34 hadi 36. Watoto wadogo waligunduliwa kabla ya kuzaliwa kwa asilimia 32, dhidi ya 19 za kundi la kawaida. Matokeo mabaya kwa watoto yalikuwa asilimia 1.7 na 1.8. Waligundua zaidi, lakini hawakuokoa zaidi.

Dada yangu yuko Ujerumani, yeye alipigwa ya mwishoni kama utaratibu. Mwingine yuko Uingereza, hakupigwa. Nani ana huduma mbovu?

Hakuna. Ujerumani utaratibu una altrasaundi tatu, ya tatu ikiwa kati ya wiki ya 29 na 32. Ufaransa nao wana tatu, ya mwisho karibu wiki ya 32. Uingereza, mama asiye na tatizo hapangiwi nyingine ya utaratibu baada ya ile ya wiki ya 20. Anapimwa kwa utepe, na utepe ukileta shaka ndipo anapelekwa.

Ina mionzi? Itamdhuru mtoto?

Si eksirei. Ni mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, yaliyoanza kutumika kwa wajawazito miaka ya 1950 huko Glasgow, Uskoti, na daktari Ian Donald. Ikifanywa na mtaalamu kwa sababu ya kitabibu, madhara kwa mtoto hayajathibitika. Hata hivyo mawimbi yanaweza kupasha nyama joto kidogo, ndiyo maana wataalamu hutumia nguvu ndogo na muda mfupi unaotosha. Kulala nusu saa ili familia itazame sura ya mtoto na kurekodi video ni kitu kingine. Ujerumani tangu mwaka 2021 imekataza altrasaundi za wajawazito zisizo na sababu ya kitabibu.

Nataka tu kujua jinsia.

Ilionekana vizuri tangu wiki ya 20. Mwezi wa tisa mtoto amejikunja na miguu imebana, na mtaalamu anaweza asione kitu.

Mtoto amepunguza kucheza. Niende kwenye altrasaundi ya mtaani nihakikishe?

Usiende mtaani. Nenda hospitali yenye huduma ya uzazi, leo hii, hata kama ni saa nane za usiku. Altrasaundi fupi itakuonyesha moyo unadunda, utarudi nyumbani umefarijika, na mtoto anaweza kuwa ameanza kuchoka. Anatakiwa kusikilizwa mapigo kwa muda, nawe upimwe presha na mkojo. Kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu, uso kuvimba ghafla, damu, maji kutoka, maumivu makali ya tumbo: yote hayo ni ya hospitali kwanza, mashine baadaye.

Na usiache hudhurio la kliniki kwa kuwa altrasaundi ya juzi ilitoka safi. Altrasaundi haipimi presha yako, wala wingi wa damu, wala protini kwenye mkojo. Kifafa cha mimba kinaua, na hugunduliwa kwa kile kitambaa cha presha kinachofungwa mkononi.

Hizi herufi kwenye karatasi ni nini?

BPD ni upana wa kichwa, HC mzunguko wa kichwa, AC mzunguko wa tumbo, FL urefu wa mfupa wa paja. EFW ni uzito wa kukadiria. AFI ni kiasi cha maji ya uzazi. EDD ni ile tarehe tuliyokwisha kuisema.

Nijiandae vipi?

Kula kama kawaida. Katika miezi ya mwisho huhitaji kujaza kibofu. Vaa kanga au nguo ya vipande viwili. Ukilazwa chali ukahisi kizunguzungu au moyo kwenda mbio, sema mara moja na ugeukie ubavu wa kushoto, kwani mji wa mimba unabana mshipa mkubwa wa damu. Beba kadi ya kliniki pamoja na karatasi ya altrasaundi yako ya kwanza, na umkabidhi anayekupima kabla hajaanza, hata kama hakuiomba.